Nyusi za Kathuri

Muthara, 3 Machi 2024

Kwako Karimi, mjukuu ninayekuita bibi yangu kwa kuwa una jina la nyanya yako,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, shangazi yako Celina ni mzima na anacheka. Anacheka uso wangu. Ulinikalisha kwa kiti cha saluni yako hapo Embu ukasema, "Guka, nyusi zinaingia machoni, nipunguze kidogo." Hiyo kidogo iko wapi? Ukakata ya kushoto, ukapunguza ya kulia zilingane, ukarudi kushoto. Leo niko kama yai.

Nyusi zangu zinajulikana mpaka Nkubu. Nikiinua, nimekubali. Nikishusha, watu wanachukua kofia wanaenda. Celina alipoposwa nilikubali kwa nyusi tu, sikufungua mdomo. Sasa tarehe ishirini Aprili watu wa Munene wanaleta mahari yako, na mzee wao Njuki ananijua. Baba yako alituacha, ni mimi nitakaa mbele. Nitakaa na nini? Kama hazijarudi, sitoki chumbani.

Guka wako,
Kathuri

Embu, 8 Machi 2024

Guka wangu,

Natumaini mgongo umepoa. Ungekubali kushika simu tungemaliza haya kwa dakika tano.

Ni wewe ulishika kioo ukasema, "Bado ya kulia ni kubwa, sawazisha." Mara nne. Saluni nzima ilisikia. Zitarudi. Za kijana huchukua kama wiki sita au nane, zako zinaweza kuchelewa, lakini siku hiyo kutakuwa na kitu cha kuonekana. Kazi yako ni moja: usiziguse.

Mjukuu wako,
Karimi

Muthara, 24 Machi 2024

Bibi yangu,

Sisi wazima, mvua imenyesha. Wewe unifundishe kungoja, mimi niliyepanda miraa kabla ya baba yako kuzaliwa? Zilitoka, kweli, lakini nyembamba kama za mtoto. Mti wa miraa ukiwa dhaifu tunaukata, unarudi na nguvu. Kwa hivyo nimenyoa. Kila Jumapili kabla ya kanisa, mara tatu sasa. Ukipitisha kidole zinadunga. Juu yake napaka mafuta ya mbarika. Celina anasema niache, lakini Celina hajui kilimo.

Guka wako, bado nina akili,
Kathuri

Embu, 2 Aprili 2024

Guka,

Leo sijui hata kama niulize afya.

Nywele si miraa. Wembe hukata juu tu, haufiki kwa mzizi. Zinadunga kwa sababu ncha imekatwa butu, si kwa sababu zimeongezeka. Haijaongezeka hata moja. Kila Jumapili unaanza kuhesabu wiki upya, na zimebaki mbili na siku chache. Nitakuja mapema nikuchore na wanja. Nani atajua?

Karimi

Muthara, 9 Aprili 2024

Karimi,

Salamu, hata kama hukunisalimia. Linda wa duka anapaka huo wanja. Jua likiwaka unashuka mpaka kwa shavu. Mimi si ukuta wa hoteli, sichorwi. Mwambie Munene waje mwezi wa saba.

Kathuri

Embu, 12 Aprili 2024

Guka,

Siku hii imesogezwa mara mbili. Mama ya Munene ni mgonjwa na anataka kuiona. Sitaisogeza tena. Nitaitwa mbele ya wazee niulizwe kama mahari ipokewe. Nitamtazama nani? Usinijibu kwa barua. Toka chumbani ukae kwa kiti chako.

Karimi

Muthara, 28 Aprili 2024

Kwako Karimi,

Salamu kwako, kwa Munene na kwa mama yake. Huku wageni walishiba, na mimi mgongo umepoa.

Njuki alinitazama usoni mpaka chai yake ikapoa. Amezoea kunisoma, na safari hii hakukuwa na pa kusoma. Hapo nilimshinda, usikubali mtu akuambie vingine.

Lakini wewe. Ulisimama pale na leso ya nyanya yako, ukaulizwa, "Tupokee?" Ukanitazama hapa juu ya macho. Nikainua. Nikainua tena. Hakuna kilichoonekana, nikaona machozi yanakujaa, ukidhani nimekataa. Ikabidi niseme. Miaka sabini na nane sijawahi kusema maneno kama yale mbele ya watu: kwamba umekuwa mtoto mzuri, kwamba nyanya yako angefurahi, kwamba nakubali. Nikavuta kofia mpaka machoni, na Njuki akaona.

Sasa hapa nyumbani nimeharibiwa. Celina akiniletea chai anasimama akingoja nimwambie ni tamu. Jana Mukiri wa jirani aliniuliza kama ng'ombe wake ni mzuri, nikajikuta nimejibu.

Zimeanza kutoka. Wembe nimempa Celina aufiche. Nijibu haraka, na uniambie ukweli, zimebaki wiki ngapi, maana nimechoka kusema kila kitu kwa mdomo.

Guka wako,
Kathuri