Kofia ya Baba Collins

Tottenham, 2 Februari 2025

Mwanangu Collins,

Mamako nakusalimu. Placida hajambo, mgongo umemwachilia? Mapacha wenu Mukhwana na Mulongo bado wanapigania kitanda cha juu? Mama mkwe wako, presha yake je? Na Gurmit wa duka pale chini, mpe zangu. Huku tuko, baridi tu. Dada yako Daisy anakusalimu. Lorraine wake namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, ila ugali anaula Kiluhya kabisa.

Simu hushiki, ndiyo maana naandika. Jumamosi baada ya Pasaka tunamkumbuka baba yako ukumbini kanisani. Mwaka umefika tangu atutoke. Nguo zitagawanywa, na ile kofia pana aliyovaa akiimba muziki wa kantri, hiyo hiyo ya picha kwenye pakiti za soseji zake. Wazee wamesema atakayevishwa ndiye atakayeshika kibanda chake cha soseji sokoni. James, aliyekuwa akimpigia gitaa la besi na kumsagia nyama, anaitaka. Mimi nakutaka wewe. Najua uliapa hutagusa nyama iliyomtoa baba kwenye gitaa. Njoo hivyo hivyo. Thornton Heath si nyumbani Kitale, ni treni tu.

Mamako

Tottenham, 16 Machi 2025

Collins mwanangu,

Hamjambo nyote? Umenyamaza mpaka naota mabaya. Uko mzima?

Jana nimeenda sokoni, namkuta James kibandani na kofia kichwani! Mteja anamwambia, "Imba basi, kama mwenyewe!" Anaguna tu.

"James, hiyo ilitoka lini kwangu?"

"Daisy amenipa niijaribu, mama."

"Jaribu viatu. Kofia ya marehemu haijaribiwi."

Nikamvua mbele ya watu. Kwenye basi nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Sasa nisemeshe, hata unitukane.

Mamako

Thornton Heath, 30 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, Placida anakusalimu.

Mpe James. Kwenye mazishi wote walisimama wakasifu soseji. Hakuna aliyetaja hata wimbo mmoja. Baba yangu alikuwa mwimbaji, mama. Siwezi kuja kupigia makofi pakiti. Nisamehe.

Mwanao

Tottenham, 27 Aprili 2025

Collins,

Salamu kwako, kwa Placida, kwa mapacha, kwa bibi yao. Nilikuwekea kiti. Kimekaa tupu mpaka mwisho.

Mzee akainua kofia, akauliza, "Mwenye nayo yuko wapi?" James akaanza kuinuka. Sijui nini kilinisukuma, nikafika kabla yake nikaivaa. Ikanishuka hadi kwenye nyusi.

"Mama Collins, hiyo ni ya mwanamume."

"Basi aje aivue."

Nani aje? Daisy alicheka mpaka akalia. James nimemwambia aendelee kusaga nyama kama zamani. Amenuna, lakini atakuja.

Sikiza, baba. Wewe hukuwahi kusimama pale kibandani. Baba yako aliimbia kumbi tupu miaka mingi, nikiwa peke yangu kwenye viti vya nyuma. Soseji ndizo zilizomletea watu. Walikuja kula, akawaimbia, wakarudi tena wakiuliza wimbo. Hakuacha kuimba, Collins. Alipata wa kumsikiliza.

Jumamosi nafungua kibanda. Wataniomba ule wimbo wake wa kwaheri Kitale, nami najua kiitikio peke yake. Beti mlikuwa mkiimba wewe na yeye jikoni, mkinifukuza. Kama hutaki kuja, nitumie maneno. Andika hata kwa penseli, utie posta kesho asubuhi.

Mamako