Kikombe cha Kijani

Jumapili, jioni. Kiangazi kimekaza, vumbi la barabara ya Nemba limetanda hadi kwenye migomba, na mimi nina uchungu ambao pampu ya pumu haiufikii.

Leo wamenipa kikombe.

Hapa kwetu rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunainywa kwa mirija, wote kibuyu kimoja. Miaka ishirini nimeinamia kibuyu cha jirani yangu Zakaria. Leo nimefika tu, akainuka upesi kuliko umri wake, akaniletea kikombe cha plastiki, cha kijani.

"Mwalimu, leo wewe mgeni rasmi! Utakunywa peke yako, kwa heshima."

Wakacheka. Nikacheka nao, mjinga mimi.

Ulimi wangu una utando mweupe, wiki ya tatu sasa. Kijijini utando huo una tafsiri moja: Mwalimu kakanyaga waya, ana virusi.

Juma lililopita niliiacha pampu kabisa, nikidhani ndiyo inayonichafua mdomo. Siku ya nne nikakwama katikati ya kilima, ndoo chini, kifua kinalia kama mvukuto wa mhunzi uliotoboka. Ijumaa mke wangu akanikokota hadi kliniki.

Muuguzi alinitazama ulimi, akauliza swali moja.

"Mwalimu, ukishavuta dawa, unasukutua?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikuambia, sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Mara ngapi?"

"Kila nilipokuja."

Akaanza upya, kama anafundisha darasa la kwanza. Pampu yangu ina dawa mbili: moja inafungua njia ya hewa, nyingine inatuliza uvimbe. Hiyo ya pili ikibaki mdomoni, inaotesha fangasi. Nivute asubuhi na jioni, hata siku ambazo kifua kimetulia, kisha nisukutue na kutema. Akanipa dawa ya fangasi. "Na pampu usiiache tena."

Mimi, niliyekuwa nikiwasimamia watoto mstarini wapige mswaki, nimeshindwa na funda moja la maji!

Basi leo ningeweza kuwaeleza pale kibuyuni. Maneno yote nilikuwa nayo.

Nikanyamaza, maana kile kikombe nilikitambua.

Nilikinunua mimi.

Mwaka ule marehemu Anatoli, mwenzetu wa kibuyuni, alipokuja na ulimi mweupe, ni mimi niliyekwenda dukani, na utani ule wa mgeni rasmi ni wangu. Nilijua vizuri kwamba virusi haviambukizi kwa mrija. Nilikuwa nikiwafundisha watoto darasani. Alikinywea mara mbili, hakurudi tena. Tulimzika bila mimi kumwuliza anaumwa nini.

Nimevuta dawa ya jioni. Nimesukutua, nimetema, nimesukutua tena. Uchungu uko palepale.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa mjane wake. Nikishabisha hodi, nitaanzia wapi?