Sauti Iliyokuwa ya Mama Peke Yake

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi kabla Jumapili haijafika, na unisamehe mwandiko maana shule niliishia darasa la nne, na furaha imechanganyika na woga hadi sijui nicheke au nijifungie ndani.

Nina binti mmoja tu, yeye na mumewe walitumwa na kanisa letu kwenda kuhubiri nchi ya mbali na huu ni mwaka wa tatu, wanakaa vyumba viwili juu ya duka la fundi baiskeli, ngazi sitini na mbili, amezihesabu, asubuhi mkwe wangu anatoka na begi la spana kuwatengenezea wazee mabomba bure na hapo ndipo wanamuuliza kijana mbona hutaki hela, naye anapata mlango wa kusema habari za Mungu, binti anafundisha wanawake kushona kwenye ukumbi wa kukodi, jioni wanapanga viti kumi na moja vya ibada na siku vikijaa vyote wananipigia utadhani wameshinda kombe.

Sasa kila Ijumaa binti ananitumia sauti mbili kwenye simu, ya kwanza ni taarifa ya kanisa, ya pili ni ya mama, na kazi yangu ni kuirusha ile ya kwanza kwenye kundi la kanisa lenye watu zaidi ya mia mbili, mimi simu naijua hivyo tu, ya juu ya kanisa, ya chini ya mama, na sijawahi kukosea. Ijumaa iliyopita nikafungua nikasikia, "Mama, kaa chini. Umekaa? Nakujua wewe, kaa! Haya. Unapata mjukuu. Mimba ina miezi mitatu." Mshauri, nilipiga yowe mpaka jirani akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nyoka, nikamwambia ni panya, maana binti aliendelea kusema, "Usimwambie mtu, mama, hata shangazi, mpaka mimba ifike mwezi wa tano, unajua yaliyotupata," na kweli najua, miaka tisa ya ndoa na mimba mbili zimeharibika. Akasema mumewe amemkataza kubeba hata ndoo, na lile boksi la vitabu vya mahubiri walilotumiwa na mzee katibu wa kanisa hatimaye limepata kazi, analiwekea miguu. Akasema, "Anza kushughulikia pasipoti, wewe ndiye utakayemwogesha mtoto." Mimi! Sijawahi hata kuigusa ndege!

Kumbe kwa furaha yake hakuweza kusubiri, akatuma ya mama kwanza, na mimi kwa furaha yangu nikarusha ya juu kama kawaida. Nikaona maua na mikono ya makofi inaingia kwenye simu, nikasema leo taarifa imewabariki, nikawarudishia mikono ya sala. Haijapita saa moja mama mwenyekiti wa wanawake yuko mlangoni na vigelegele.

"Bibi wa ng'ambo! Ulikuwa unatuficha?"

"Nani kakwambia?"

"Si wewe umetutangazia! Na mzee katibu ile ya boksi ameisikiliza mara mbili."

Nikajikuta nimekaa kwenye beseni la nguo zilizolowekwa.

Jumapili hii kanisa linaongea nao ana kwa ana, sura zao zitaonekana ukutani, na akina mama wameshaandaa nguo za mtoto wazipeperushe. Binti bado hajui, maana kundini hayumo, nami nimewasihi wanyamaze, wamekubali, lakini mdomo wa mama mwenyekiti hauna kitasa. Wifi yangu, yaani shangazi wa binti, anasema, "Mjamzito hapewi habari za kushtua, sema simu iliibwa." Nami naogopa nikisema kweli binti hataniambia tena siri yoyote, na kumwogesha mtoto atamwita mama mkwe wake, ambaye amesoma na simu anaijua yote. Nifanyeje?

Bibi mtarajiwa

JIBU

Bibi mtarajiwa, kwanza hongera! Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikakusonya. Siri imekutoka kwa watu mia mbili, ukaona bado hawatoshi, ukaniletea gazetini! Nashukuru hukuweka jina la mtu.

Ulivyokosea, angekosea yeyote. Furaha ilimfanya mwanao abadilishe mpangilio, furaha ikakufanya wewe usiangalie. Hilo halina adhabu. Ila hiyo simu "iliyoibwa" isahau kabisa. Mwizi gani anaiba simu ili awapelekee wanakwaya habari za mjukuu wako?

Na wifi yako mwambie mimi nimesema hivi: kinachomshtua mtu ni kugeuza macho kwenye kioo cha simu na kuona kanisa zima linapunga vifulana. Sauti ya mama yake inayosema "nimekosea" haimuumizi.

Umeniandikia sana kuhusu nani atamwogesha mtoto. Fikiria kidogo kwa nini alikuomba unyamaze. Mara mbili hizo, nani aliwaandikia watu wote kwamba mimba haipo tena? Nina hakika ni yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, huku anaumwa. Hicho ndicho anachokikimbia. Hakimbii vigelegele vyenu.

Kwa hiyo leo hii, si kesho, mpigie wakati mumewe yuko nyumbani. Usimtumie sauti, wewe na sauti za simu mpumzishane. Sema mapema kabisa, kabla ya salamu ndefu: "Mwanangu, sauti yako niliituma kanisani kwa makosa." Usiitaje simu, usijitetee, na habari ya boksi mwambie pia, aonane na mzee katibu Jumapili akiwa amejiandaa. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, usijaze ukimya kwa maneno, najua utatamani. Kisha mwambie: "Kuanzia sasa hutamwandikia mtu yeyote. Habari ikiwa ya kicheko au ya kilio, nitaibeba mimi nyumba kwa nyumba." Halafu muulize anataka Jumapili iweje, na atakachosema ndicho kitakachokuwa. Akisema nguo zisionekane, nenda kwa mama mwenyekiti uzichukue zote, ukae nazo wewe. Na taarifa za kanisa ziende moja kwa moja kwa katibu, kazi hiyo umestaafu.

Atakasirika, labda siku mbili. Lakini aliyekwambia "kaa chini" kabla ya kukupa habari anakujua ulivyo, na bado alikuchagua wewe.

Ukishakata simu, oga, vaa vizuri, nenda kapige picha ya pasipoti. Pale hawaruhusu kucheka, mama. Ni dakika moja tu, jitahidi ufunge mdomo.