Kambi ya Mchangani

Jumatatu, 10 Juni 1912
Nimetwanga uwele tangu alfajiri. Mikono inawaka. Mavuno yameisha, watoto hawaamii ndege tena mashambani, na wiki ijayo kambi yetu ya kiangazi inaanza. Watalala pamoja, watacheza, watajifunza kusoma. Mwalimu Petro, mkubwa wangu hapa misheni, anasema ni ya waliobatizwa tu, tena wenye nguo. Mwaka jana ilikuwa hivyo. Watoto wa wafugaji walisimama nje ya ua wakitutazama tukila. Mwaka huu sikubali. Nimemwambia.

Jumatano, 12 Juni
Nimekwenda kijiji cha Zuzu, kwa miguu. Vumbi mdomoni njia nzima. Nimemfuata Nyemo, binti wa mfugaji mmoja. Miguu yake imepooza, hutambaa kwa mikono. Kichwani kapakwa udongo mwekundu na samli, kama wenzake wa kwao. Mama yake hakutaka kunisikiliza.
"Mtamnyoa, mwalimu. Mtamvua mavazi yake ya ngozi. Akirudi hatanijua."
"Atakuja alivyo, mama. Atarudi alivyo."
Akaitazama miguu ya binti yake. "Na atafikaje huko?"
Nimerudi peke yangu. Imeniuma.

Ijumaa, 14 Juni
Nimepita kwa Bakari, Mrangi wa Kondoa anayeuza asali karibu na stesheni. Binti yake Zena ananiuliza habari za kambi kila tukionana. Baba mtu kaniuliza mambo mawili tu. Nani atachinja? Nimesema atachinja yeye mwenyewe. Na wenzake wakisali, Zena atakuwa wapi? Nimesema popote apendapo, na wakati wa sala zake tutamngoja. Nikamweleza pia habari za Nyemo, sijui kwa nini.
"Punda wangu hana kazi sasa, dada Ester," kasema. "Mchukueni."

Jumamosi, 15 Juni
Petro kasikia. Kaja na hasira. Eti misheni si soko. Nikiwaleta hao, nimrudishie ufunguo wa shule. Wazazi wawili wa kanisani nao wamesema watoto wao hawalali na waliopakwa udongo. Naogopa. Kazi hii ndiyo inayonilisha tangu mume wangu afie kwenye ujenzi wa reli. Naogopa, lakini sirudi nyuma.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya ibada nimempa ufunguo. Kambi itakuwa kwenye mto mkavu, upande wa shamba la mjomba wangu. Mjomba karidhia. Nimelia njiani. Kisha nikaanza kukata miiba ya kujengea ua.

Jumatatu, 17 Juni
Wamefika. Nyemo juu ya punda wa Bakari, Zena kashika kamba; mama yake Nyemo kakubali alipomwona huyo punda. Watoto kadhaa wa kanisani, waliokuja pia, walikataa kukaa karibu na Nyemo. Nilikuwa nimepanga mchezo wa kukimbizana. Upumbavu wangu. Yeye akabaki peke yake anatazama. Nimeusimamisha. Nimewaambia wote wakae chini, wachimbe mchanga kwa mikono, tuone nani atapata maji kwanza. Mikono ya Nyemo ina nguvu kuliko yetu sote. Alipofika majini walimzunguka wakanywa, hata wale waliokataa.

Alhamisi, 20 Juni
Petro kasimama ukingoni, mikono nyuma. Zena alikuwa anasali, wenzake wametulia wakimngoja. Katazama hadi mwisho. Kaondoka. Jioni mzazi mmoja kati ya wale wawili kamleta mwanawe na mkeka. Yule mwingine hakuja.

Jumamosi, 29 Juni
Wameondoka. Mama yake Nyemo kaja mwenyewe. Kamshika mtoto kichwa, akaukuta udongo bado mbichi.
"Nani kampaka?"
Zena kanyoosha viganja vyake, vyekundu mpaka kwenye kucha. Mama kavishika, kavigeuza. Kisha kamwomba asindikizane nao mpaka Zuzu.

Jumapili, 30 Juni
Kanisani nimekaa mahali pangu pa siku zote. Petro katangaza mwalimu mpya. Sikuinamisha kichwa. Mchana nimelala. Nimeamka jua linazama, nimesonga ugali wa mtu mmoja, nimekula polepole. Nyumba kimya. Upepo umepungua. Kesho nitamwuliza mjomba kama naweza kujenga banda la kufundishia watoto pale ukingoni mwa mto, kabla ya mvua.