Digrii mia moja ishirini na saba

Anne-Marie, nimetoka sasa hivi kwa yule fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kilburn.

Laptop yangu feni yake ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusaga, na sauti zote alizorekodi marehemu mume wangu Séraphin zimo humo. Jamaa anaiwasha huku analamba mafuta ya kuku vidoleni. Anaonyesha skrini: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina digrii 127. "Imeungua. Mwambie bibi yako aniachie, nitaitupa." Anaongea na mjukuu wangu Miradie, kana kwamba mimi ni kiti!

Aitupe!

Nikatulia, unanijua. Mashine imelala kwake tangu jana, imezimwa, baridi kama jiwe. Kuiwasha tu, 127. Dakika kumi, 127 ileile, haipandi, haishuki. Homa gani hiyo? Kule care home ninakotunza wazee, kipimajoto kikisoma hivyo tunachukua kingine kabla ya kuita ambulensi.

Nikamwambia, "Baba, kilichokufa ni kipimo. Pima na kingine."

Akanuna. Akafungua kwenye skrini vipimo vingine vya prosesa hiyohiyo. Digrii 44! Feni ilikuwa inaamini namba ya uongo tu.

Na unajua alisema nini, bila haya? "Watu wengi huwa hawaulizi, mama."

Huwa hawaulizi! Nyuma yake rafu imejaa laptop za watu.

Yangu nimeikumbatia, niko kituo cha basi. Ile laptop ya mwanao Gires uliyompelekea fundi huyuhuyu Jumatatu, si alikwambia nayo imeungua? Vaa koti uje tukaichukue. Nakungoja hapahapa.