Mpangaji Wako Bado Anakula Mende

Mama,

Yule mnyama wako bado yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungeuliza habari zake kabla hujauliza za Barasa mwanao, na zangu mimi ungezikumbuka ukishamaliza chai. Yuko hai, amenenepa, na sasa hivi ninapokuandikia amejibandika kwenye kioo, tumbo lake jeupe limenielekea, linapanda na kushuka. Nimegeuza kiti nimpe mgongo. Hata hivyo namhisi shingoni.

Sikuwahi kukuficha kwamba ananitia kinyaa. Nilikwambia siku ileile alipokuja ndani ya gunia lako la mwisho la nazi, lile uliloagiza Mombasa kabla mguu haujakukataza kwenda kuuza sokoni. Ulilifungulia sebuleni, sakafuni, na mimi nikadhani kipande cha kumbi kinatembea. Kisha kile kipande kikafungua mdomo. Nilipanda juu ya kochi na viatu vyangu. Wewe ulivua leso yako begani ukamfunika taratibu, kama mtu anayefunika mkate usipoe.

"Ametoka Mombasa mpaka Kayole na hakuna aliyemuuliza nauli," ulisema. "Basi huyu ni mpangaji."

Jina likamkaa. Nilitegemea awe kama wale mijusi kafiri wembamba wanaokimbia kwenye kuta za hoteli huko pwani. Huyu alikuwa mrefu kama mwiko, kichwa kipana, ngozi ya kijivu yenye vipele kama gome la mti, na vidole vilivyotanuka ncha kama vijiko. Barasa alitafuta kwenye simu akatueleza kuwa aina yake hukaa juu ya miti na si ya kuta za nyumba, na kwamba baridi ya Nairobi itamuua. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo Barasa awe amesoma sawasawa. Wewe ukasema atawashiwa balbu. Na Barasa, ambaye mchana kutwa anachomelea mageti ya watu, akakutengenezea kifuniko cha wavu, akakiweka juu ya tangi la kioo ambalo rafiki yake alifugia samaki mpaka wakafa. Ndani mkatiwa tawi la mpera. Tangi likawekwa kando ya kiti chako. Kuanzia siku hiyo sikuwahi tena kula nikiangalia upande huo.

Sijui ulikuwa unaona nini. Mimi niliona mnyama asiyekuwa na kope, anayetoa ulimi mnene wa rangi ya waridi na kujilamba mboni za macho. Niliona akijichuna ngozi kuanzia mdomoni, akiivua kama soksi iliyolowa, kisha akiimeza yote, kipande kwa kipande, huku ukiniita nije nitazame. Niliona mavi yake, meusi yenye ncha nyeupe, yamekauka kwenye kioo, na wewe ukiyakwangua kwa ukucha kisha ukijifuta kwenye leso. Maji alinywea kisahani cha seti yangu ya harusi. Nilipokuuliza kuhusu kisahani ulisema vikombe vya seti ile vilishavunjika, visahani vinakaa bure.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ndoo.

Kwanza alikula panzi, na panzi wakaadimika. Mimi nikafurahi nikidhani tumefika mwisho. Kumbe ulikuwa umeshaamua. Ulisema mende wa jikoni wamekula dawa, watamdhuru, yeye anahitaji mende safi. Mende safi! Ukawafuga kwenye ndoo kule varandani, na trei za mayai ndani ili wapate pa kulala, na maganda ya karoti, na unga kidogo wa ugali. Ukipita karibu unawasikia, sauti kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni polepole. Na mimi kila alfajiri nasukuma chapati ndani ya nyumba hiyohiyo, nakwenda kuziuza getini na maharagwe. Unawajua watu wa ploti yetu, tunavyoishi mlango kwa mlango. Neno moja tu, kwamba Njeri anafuga mende, na ningekunja meza yangu siku hiyohiyo. Jirani akibisha kuomba chumvi, nilikimbia kwanza kuifunika ndoo blanketi.

Siku moja nilichoka nikakwambia ama ndoo ama mimi. Hukukasirika. Ulinivuta mkono ukanikalisha mbele ya tangi.

"Njeri, wewe unaangalia miguu yake," ulisema. "Angalia macho."

Nikaangalia macho. Akayalamba.

Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Na mimi nilicheka, sikatai. Ningelipa chochote kukusikia ukicheka hivyo tena, hata kama ni mimi ninayechekwa.

Ni mimi niliyekukuta asubuhi ile. Nilidhani umesinzia kitini. Chai niliyokuwekea ilikuwa na utando juu, na mkono wako ulikuwa umeegemea kioo. Yeye alikuwa upande wa pili wa kioo, pale mkono ulipokuwa. Watu wa kanisa niliowasimulia walisema ni jambo la kugusa moyo. Mimi nilijua ni joto alilokuwa akifuata, na kwamba joto lenyewe lilikuwa limeshapoa. Nilimchukia wakati ule kuliko siku zote. Nilitaka kumfokea atoke hapo.

Tulikuzika nyumbani Bungoma, karibu na Baba, kama ulivyotaka. Mvua ilituonea huruma, haikunyesha mpaka watu walipokwisha kula. Tuliporudi Kayole nilifungua mlango nikitarajia kumkuta amekufa, na tayari nilikuwa nimeandaa gazeti la kumfungia. Alikuwa kwenye wavu, kichwa chini miguu juu, ananitazama.

Kilichonishtua zaidi ni Barasa. Mwanao hakulia, Mama. Hakulia kwenye matanga, hakulia kaburini. Tuliporudi alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, anakula, ananishukuru, anakwenda kulala. Jina lako hakulitaja. Watu wakikutaja alitazama mikono yake. Na tangi hakulisogelea kabisa, alipita mbali nalo kama lina moto. Kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Mimi, Mama, ambaye sigusi hata utumbo wa kuku bila mfuko mkononi. Nilijifunga leso puani, nikafungua ndoo, nikachota mende kwa koleo la mkaa, nikawatupa ndani na kufumba macho. Kusikia nilisikia. Anatafuna kama mtu anayekula njugu akiwa amefumba mdomo. Baadaye nanawa mikono mpaka ngozi inawaka, kisha nakanda unga na bado natazama kucha zangu.

Halafu wifi Rispa akaja kuchukua nguo zako.

Alikuja Jumamosi, Barasa akiwa nyumbani. Tulizikunja pamoja vizuri tu, zile gauni na sweta zako, akichagua za kuwapa shangazi zake. Kisha akaliona tangi. Unajua hakuwahi kupenda kukaa kwetu, alikuwa akikusalimia mlangoni, hakuwa amewahi kumwona vizuri. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa anaelewa, kwamba mtu hawezi kukaa na kitu cha namna hiyo kandokando na akapona.

"Hiyo kitu ndiyo ilimmaliza Mama," alisema. "Njeri, chemsha maji."

Barasa alikuwa amekaa pale pale. Nilimtazama aniambie nifanye nini, naye akatazama mikono yake. Na mimi, ninayemwona yule mnyama kama kamasi lenye miguu, nilijisikia nikimjibu wifi yangu kwamba maji sitachemsha. Sikuwa namtetea mnyama. Ni kwamba nilikuona umekaa kwenye kile kiti.

Rispa hakubishana. Alivua ndara, akainua kifuniko mwenyewe.

Sikujua kitu kizito vile kinaweza kuruka. Mpangaji alitua kifuani pa Rispa, akapanda shingoni, akaingia kwenye kilemba. Rispa alipiga kwa ndara, akajipiga mwenyewe, akapiga tena. Kitu kikaanguka kwenye sahani ya chapati nilizokuwa nimemwandalia. Kilikuwa mkia. Mkia peke yake, Mama, unaruka juu ya chapati, unajikunja na kujikunjua, una doa dogo la damu mwishoni, na hautulii. Niliutazama ukiruka mpaka nikakimbilia chooni na kutapika. Niliporudi Rispa alikuwa ameshaondoka na nusu ya nguo, ule mkia ulikuwa bado unatetemeka, na mwenye mkia hakuonekana popote.

Na Barasa alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameingiza kichwa chini ya kochi, anamulika na simu. Akatoka hapo akaenda chini ya kitanda, nyuma ya kabati, akatoa viatu vyote, akakung'uta mapazia. Nilimwambia apumzike, atatokea mwenyewe akiwa na njaa. Aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Siwezi kumpoteza na huyu," alisema.

Nikajua siku ile sitasukuma chapati za jioni, nitatafuta naye.

Tulitafuta mpaka jua likaanza kushuka. Mimi ndiye niliyesikia mkwaruzo nyuma ya friji, kule chini kunakotoka joto. Friji yetu haisogei, unajua ilivyobanwa kati ya ukuta na kabati, na mkono wa Barasa ni mnene haukupita. Wangu ulipita. Hakuniambia nifanye. Alishika tochi tu akangoja.

Niliingiza mkono mpaka begani. Kulikuwa na mafuta ya miaka, vumbi lililoshikana kama nywele, kitu kikavu ambacho sikutaka kujua ni nini. Kisha nikamgusa. Baridi, laini, na chini ya ulaini ule moyo unaopiga mbio. Nikakaza vidole. Akageuka akaniuma. Hakuachia. Nilitoa mkono na yeye akiwa ananing'inia kwenye kidole changu cha kati, hana mkia, miguu imetanuka, macho yale yasiyofumba yananitazama. Nikataka kumkung'utia ukutani.

"Usimvute," Barasa alisema. "Mama alisema usimvute. Mpulizie puani."

Mama alisema. Ndivyo alivyosema. Tangu tukuzike ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake.

Basi nikampulizia. Nilimleta karibu na uso wangu, midomo yangu ikakaribia ile pua yake yenye vumbi la friji, na nikapuliza kama mtu anayepoza uji. Alinuka mende na kutu. Nikapuliza tena. Akaachia. Barasa akampokea kwa viganja viwili, akakaa chini sakafuni palepale jikoni, akalia. Alilia kwa sauti, Mama, kama mwanamke, kama ulivyolilia Baba. Nilikaa kando yake kidole kikivuja damu, na sikumwambia anyamaze.

Hayo ndiyo yaliyobadilika. Sasa Barasa ndiye anayelisha. Nilimpa sharti moja, kwamba ndoo iondoke kwangu, na akaihamishia kwenye karakana yake. Jioni anarudi na mende wachache kwenye mkebe wenye kifuniko, anakaa kwenye kiti chako, na wakati anamlisha anazungumza. Ananisimulia ulivyokuwa ukimbeba mgongoni kwenda sokoni, gunia la nazi kichwani. Ulivyompiga siku alipouza kiatu. Mengine nayasikia kwa mara ya kwanza. Mimi nasikiliza kutoka jikoni, mgongo nimewapa wote wawili.

Rispa amesema hatakanyaga kwetu kitu kile kikiwa hai. Barasa alimjibu kwa upole kwamba sawa, atakuwa akimtembelea yeye kwake. Nguo zilizobaki alimpelekea.

Mkia unaota upya. Ungefurahi, mimi sifurahi. Umetoka mfupi, mnene, laini, rangi si ya mwili, kama kidole cha mtu aliyekaa kwenye maji. Kila nikiuona nasahau njaa.

Mama, sitakudanganya kwamba nimempenda. Sitampenda. Kidole kimepona kimebaki na alama, na mpaka leo nikikanda unga nakinawa mara mbili. Lakini nakuahidi hatakosa balbu wala chakula maadamu nipo katika nyumba hii. Na siku atakapokufa sitamwachia mtu wa takataka. Nitamfunga kwenye kitambaa safi, nitambeba mwenyewe kwenye mkoba wangu, nitamchimbia shimo miguuni pako. Kichefuchefu kitanishika njia nzima mpaka Bungoma, lakini nitamfikisha.

Lala salama, Mama.

Mkazamwana wako,
Njeri