Ngoro Nyuma ya Hoteli

Mbinga mjini, Jumapili

Mdogo wangu Thadei,

Mimi mzima, na wewe huko Kitai najua duka linakwenda. Basi la Songea liliniacha stendi, mvua ikafunga njia ya Maguu kwa mama, nikachukua chumba katika hoteli ya hapo katikati ya mji. Shuka zilinuka jasho la mtu mwingine, na chai yao inaelea mafuta.

Asubuhi mtembeza wageni akatuzungusha kwa miguu: kanisa la zamani, makaburi ya wamisionari, kisha nyuma ya hoteli tukaone "kilimo cha mababu". Kulikuwa na bibi amevalishwa kaniki, yuko peku, anachimba ngoro, yale mashimo yanayozungushiwa matuta, huku wageni wakimpiga picha. Matuta hayakulaziwa hata unyasi chini, na bila unyasi kuoza hapaoti kitu. Mtembeza wageni akasema jioni mashimo husawazishwa, ili kesho bibi achimbe tena.

Bibi akainua uso. Alikuwa mama.

Wewe uliniambia miguu yake haimfikishi hata kanisani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mgeni," akainama tena. Wageni walipoondoka nikamuuliza nani kamleta. Akasema taratibu, "Thadei alisema nisikwambie."

Naondoka naye leo kwenda kwangu Dodoma. Ile kaniki nimeiacha mapokezi, nikawaambia ni yako. Njoo uivae.

Dada yako,
Hilda